Oili ya Lori la Gombojav

KITUO CHA POLISI KHAR-OVOO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dashzevegiin Sambuu. Umri: miaka 66. Kazi: dereva mstaafu wa malori. Makazi: nyuma ya gereji ya zamani, Khar-Ovoo.

Mnamo tarehe 14 Januari 2024, saa nne asubuhi, shemeji yangu Dulmaa alinijia nyumbani. Ni mjane wa Gombojav, ambaye niliendesha naye lori moja kwa zamu miaka ishirini na sita. Ndugu zake Dulmaa wako malishoni, theluji imefunika majani na kondoo wanakufa. Alitaka kuwapelekea nyasi kwa lori la marehemu. Aliniambia, "Kaka Sambuu, oili alikuwa akinunua yeye. Mimi nitauziwa chochote."

Redio ilikuwa imetangaza nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Nilikwenda duka la Munkhjargal nikaomba oili nyepesi, 5W-40, kwa sababu 15W-40 ya kiangazi huwa nzito mno kwenye baridi hiyo. Alinipa makopo matatu. Nilipoomba kufungua moja niitazame, alicheka. "Mzee, siku hizi tunasoma lebo, hatuonji." Nikalipa. Gombojav asingelipa hivyo. Angechovya kidole, akaivuta oili taratibu kati ya vidole viwili, foleni yote ikimsubiri.

Saa tisa alasiri nilimwaga oili ya zamani, nikatia makopo mawili.

Leo tarehe 15, saa moja asubuhi, stata ililia mara mbili ikafa. Nilichomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imeshikana kama mafuta ya kondoo yaliyolala. Nilikwaruza lebo ya kopo lililobaki. Chini yake palikuwa na lebo nyingine: 15W-40.

Tulifanya kama zamani, tukaweka karai la makaa ya samadi chini ya injini. Enzi zetu tulimwaga oili jioni ingali ya moto, tukailaza ndani ya nyumba kwenye ndoo, asubuhi tukairudisha. Dulmaa alichochea makaa akasema, "Ile ndoo ililala karibu na jiko kuliko mimi. Nikimuuliza Gombojav, mke mkubwa humu ni nani, ananiambia ni yule asiyesema." Tulicheka. Kisha aliinamia makaa muda mrefu, nami nikatazama kwingine.

Injini iliwaka saa sita kasoro robo. Hatukuizima.

Tulipita dukani. Munkhjargal aliiona ile lebo mkononi mwangu, akakaa chini. Alisema, "Niliibandika mimi, mzee. Sikudhani baridi ingefika kiwango hiki." Nilimuuliza nani wengine wamenunua. Alijibu kwamba madereva watatu walinunua na kutia oili hiyo jana, hawakuzima injini usiku, na leo asubuhi wameelekea mlima wa Shar Davaa. Wakizima injini kule juu hata kwa chai, hawataiwasha tena.

Kopo nimelikabidhi hapa. Naomba watu hao wafuatwe sasa hivi. Lori letu linaunguruma hapo nje, Dulmaa yuko kwenye usukani, nami naondoka naye kupeleka nyasi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi: D. Sambuu

Maelezo haya nimeyaandika na kumsomea shahidi saa saba mchana. Alisaini akiwa amesimama. Doria imetumwa Shar Davaa. Saa kumi na moja jioni: malori mawili yamekutwa yakitembea. La tatu limekutwa limezimika. Dereva ana vidole vya miguu vilivyoganda, yu hai.

Sajenti B. Oyunbileg