Sauti ya Kisimani Gedi

Kabiria, Jumanne usiku, Agosti 1972

Rosa ameitikia tena, na mimi sijamwita.

Ile safari ya kwaya ndiyo imetuletea haya. Kule kwenye magofu ya Gedi, mwenyeji aliyetutembeza alituonya: ukiitwa karibu na kisima, nyamaza. Mke wangu akacheka. Baadaye nikamsikia nyuma ya ukuta akiitikia "Abee!" kama wanawake wa pwani. Yeye, mtu wa Kakamega, ambaye tangu nimuoe huniitikia "Nini?"

Leo alikuwa akiosha sufuria. "Abee!"

Nikawaka. "Unamjibu nani?"

"Si wewe umeniita?"

"Sijakuita!"

Akautazama mlango wa nyuma. "Basi ni yule. Amekutaja na wewe."

Sasa amelala. Huko nje jina langu linaitwa polepole, na ulimi unaniwasha kuitikia.