Kundi la Masikio

Bokoli, 5 Juni 2006

Kwa mjukuu na mshindani wangu Khisa,

Hujambo, wewe unayetaka kuninyang'anya bibi? Sisi tu wazima, ng'ombe pia, isipokuwa goti langu halipatani na mvua. Kukhu wako, huyo bibi yangu, anakusalimu sana, na hiyo ndiyo shida yangu na wewe.

Baba yako ameleta ripoti. Ati Fizikia D? Wewe uliyefungua redio yangu ukaifunga tena ikaimba kuliko awali? Unataka kusomea stima. Utaunganisha waya kwa maombi? Nieleze haraka. Kitandani nageuka kama chapati.

Kuka wako,
Wakhungu

Kitale, 14 Juni

Mpendwa Kuka,

Salamu kwako na kwa Kukhu, ingawa najua zake utazifikisha shingo upande. Mwili uko salama, moyo ndio hautulii.

Muhula uliopita mtafiti wa chuo kikuu alituletea maswali: unapenda kujifunza sayansi kwa kusikiliza, kwa kutazama au kwa kushika? Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa anapita kati ya madawati, mikono nyuma. Kuka, ningeandika mbele yake kwamba sipendi kusikiliza walimu? Kila swali nikaweka alama kwa kusikiliza. Basi tukagawanywa. Wa kushika wako maabara na betri na balbu. Sisi wa masikio tunasomewa tu, nasinzia. Muhula huu ukiisha, mwenye D anaondolewa Fizikia, na bila Fizikia kozi ya stima sitaipata.

Usimwambie Baba.

Mjukuu wako,
Khisa

Bokoli, 20 Juni

Kwa mwenye masikio,

Umeamkaje huko? Goti limepona, sasa ni mbavu, kwa kucheka. Lakini nitakulaumuje? Si kwetu mkubwa akiongea, mtoto anainamisha kichwa na kusema ndiyo, hata kama anawaza ugali? Sasa adabu yako inakula Fizikia yako. Nenda kwa mwalimu useme ukweli. Usiponijibu, nitaingia hapo paredi ya shule na gumboot zangu, niwaambie mimi ndiye babu yako.

Kuka

Bokoli, 7 Julai

Khisa,

Salamu baadaye. Huko posta wamenichoka; karani ananiona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijauliza. Umesema au hujasema? Kukhu ananiambia nikae chini. Nikikaa, nasimama.

Kuka

Kitale, 10 Julai

Mpendwa Kuka,

Habari za nyumbani? Pole kwa kunyamaza. Nimesema. Madam Cherop wa Fizikia akauliza darasani kama kuna mwingine kama mimi. Karibu kundi lote la masikio likainua mikono. Naibu amewaka: ati nimeharibu kazi ya mgeni, na nimewachochea wenzangu. Nisikanyage somo la Fizikia hadi mzazi aje. Baba huogopa ofisi, atakubali kila kitu. Njoo wewe. Vaa lile koti la kanisa. Na nakusihi, Kuka, usimtanie.

Mjukuu wako,
Khisa

Bokoli, 15 Julai

Kwa mjukuu wangu,

Nilifika nyumbani salama, wewe je, umekula? Walikutoa nje ya ofisi, kwa hiyo hukuona. Naibu alinihubiria nidhamu mpaka chai ikapoa. Mimi nimeinamisha kichwa: "Ndiyo, mwalimu. Kweli kabisa, mwalimu." Akafurahi. Akasema, "Sasa mzee, tumekubaliana nini?"

Nikamwambia, "Mwalimu, sijui. Nilikuwa nakuheshimu."

Madam Cherop akageukia dirisha, mabega yanatikisika. Naibu akatazama karatasi za maswali ya yule mgeni mpaka nikaanza kutafuta kofia yangu. Kisha akasema polepole, "Madam, hilo kundi lote la masikio liingie maabara kuanzia Jumatatu."

Sikumtania, bana. Nilijibu nilichoulizwa.

Sasa huna pa kujificha: ukipata D tena, hiyo ni yako mwenyewe. Mtihani ni lini? Andika leo. Tangu nirudi sijakaa chini, na Kukhu amekiondoa kiti.

Kuka wako,
Wakhungu