Makofi ya Mashavu Mekundu

Dumbrava, 20 Septemba

Mwanangu Viorica,

Hujambo huko Italia? Mgongo haukusumbui kwa kumnyanyua huyo mzee unayemtunza? Sisi wazima, ila goti langu limeanza kiburi chake cha vuli. Nampa barua dereva Nelu anayekuja huko, kwa sababu kwenye simu mwanao Ilinca hutega masikio.

Mwalimu Otilia ameleta karatasi ya kutiwa sahihi. Anataka kuwafundisha darasa la tano mambo ya mwili: kuvunja ungo, na mtoto anapatikanaje. Bila sahihi ya mlezi, mtoto anakaa nje. Sikutia. Mwanao bado anamvisha mwanasesere soksi. Padri naye kasema hayo ni ya nyumbani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Nimekufungia zakuska ya biringanya na pilipili tamu, uipake kwenye mkate.

Mama yako

Brescia, 4 Oktoba

Mama, naubusu mkono wako,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima. Zakuska imekwisha, mzee kaila kwa kijiko.

Mama, tia sahihi. Unasema mtoto afunzwe na mamaye, na mamaye yuko huku anaogesha wazee wa watu. Umebaki wewe, na wewe neno damu hulitamki mpaka achinjwe nguruwe. Mficha uchi hazai. Mimi nilipovunja ungo ulinizaba makofi mawili, ukaenda kukamua ng'ombe. Nilikaa muda mrefu nikiamini nimetenda dhambi. Sitaki Ilinca akae hivyo.

Mwanao, Viorica

Dumbrava, 15 Novemba

Mwanangu,

Ilinca mzima. Natanguliza hilo usije ukashtuka.

Barua yako niliisoma nikasema Italia imekutia kiburi. Sikutia sahihi. Wenzake walipofundishwa, yeye alikaa koridoni. Wiki iliyopita akaacha kula, nikadhani minyoo. Jana nimekwenda bandani kuchukua kuni, nikakuta nguo zake za ndani zimefichwa nyuma ya magogo, zina damu. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nikamwita, nikamzaba shavu hili na hili, kama nilivyozabwa mimi na kama nilivyokuzaba wewe, ndiyo mila yetu, mashavu yake yawe mekundu kwa uzuri maisha yote.

Hakulia. Aliniuliza, "Bibi, kwani nitakufa lini?" Kisha akaniomba nisikuambie, maana ungeacha kazi.

Nilimwambia hafi. Nilipotaka kueleza zaidi, ulimi uligoma. Uzee wote huu na sina maneno. Sasa nikiinua mkono, hata kushusha sufuria, anajikunyata. Naona aibu, na roho inaniuma.

Mama yako

Brescia, 23 Novemba

Mama, naubusu mkono wako, ingawa leo kwa shida.

Nimelia jikoni mpaka mzee akaniuliza nani kafa. Ruhusa sipati kabla ya Krismasi. Kwenye simu nitanyamaza, asije akaona umemsaliti. Nenda kwa Mwalimu Otilia. Usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Viorica

Dumbrava, 6 Desemba

Mwanangu Viorica,

Hujambo? Theluji imeanguka, goti linalalamika, lakini nilikwenda.

Sahihi nimetia, ila somo lenyewe lilikuwa limepita. Nikamwomba Mwalimu alirudie, nami nikae nisikilize, maana Ilinca alikataa kubaki peke yake. Watoto walipoondoka tulibaki watatu, mimi nimebanwa kwenye dawati la mtoto. Mwalimu alichora ubaoni tumbo la mwanamke. Nimezaa watoto wanne na sikujua yai linapita wapi. Nikauliza, na Ilinca akanijibu yeye kabla ya Mwalimu.

Njiani aliniuliza mimi nilizabwa na nani. Nikamwambia na mama yangu, pale kisimani.

"Uliumia?"

Nikasema niliumia, na kwamba nilikosea kumfanyia vile. Akavua glavu zake, akaniwekea viganja mashavuni, akaviacha hapo mpaka nikapata joto.

Jumapili ukipiga simu atakuambia mwenyewe. Amejipangia maneno, nimemsikia akiyajaribu kwa mwanasesere. Ujifanye hujui.

Mama yako