Ngumi ya Mtu wa Mwisho

Mwanangu Tumaini, baba,

Nakuandikia hapa mezani kwa dada yako Neema, mjini Katy, Texas. Mwenyewe yuko zamu hospitali. Mwandiko wangu unaujua, ni uleule wa darasa la nne, nivumilie. Akirudi ataupiga picha auweke kwenye grupu la Watanzania, maana watu wanauliza ibada yako ni lini. Mama gani huyu, mwaka mzima hataki mwanawe aombewe? Nilikataa kwa sababu sikuzika mtu. Nataka nikujibu wewe kwanza, halafu na wao wasome.

Pikipiki yako ya theluji iko hapa gereji, chini ya turubai. Ile ya njano, kuukuu kuliko wewe, ya kuvuta kamba kama jenereta. Ulivyokuwa unaihangaikia kule kwako, kwenye joto la Dallas, nyumba nzima inanuka petroli na oili! Nikakuuliza, "Baba, theluji yenyewe iko wapi?" Ukacheka. "Mama, theluji tunaifuata."

Mwaka juzi ukanichukua na mimi. Tukapakia kwenye trela, wewe na yule rafiki yako Kamau, Mkenya wa Fort Worth, na wenzenu wenye mashine za zamani, mpaka milimani Colorado. Nilivaa vitenge viwili chini ya koti. Kamau akasema, "Mathe, ukianguka utadunda tu!" Nikakaa nyuma yako, nimekukumbatia kiuno kama wewe ulivyonikumbatia mgongoni ukiwa mtoto kwetu Makete, asubuhi zile barafu ikiunguza viazi shambani.

Kabla ya kuondoka ulinifundisha sheria zenu. Mkifika njia panda, mtu haondoki mpaka aione taa ya aliye nyuma yake. Asipoiona, anageuza kumfuata. Na mkikutana na kundi linalokuja, kila mmoja anaonyesha kwa vidole wangapi wamebaki nyuma yake, ili wale wajihadhari kwenye kona. Wa mwisho anafumba ngumi. Maana yake nyuma yangu hakuna mtu, mmemaliza.

Sisi tulikuwa wa mwisho. Msitu mweupe, miti imenyamaza, theluji inaanza kudondoka na mchana unafifia. Kundi likaja. Ukanyanyua ngumi. Na mimi, baba, nikanyanyua kidole kimoja, kwa sababu nilikuwa nimegeuka na nimeiona taa. Ndogo, ya manjano, inakuja polepole kati ya miti.

Njia panda ukazima mashine tusikilize. Hakuna mlio. Ukaniambia, "Mama, ni macho tu, theluji inadanganya." Lakini ulikaa pale muda mrefu, na hukucheka.

Mwaka jana ukaenda bila mimi. Kamau ndiye aliyetupigia simu. Wewe ulikuwa wa mwisho tena. Wenzako wakakusubiri njia panda, taa yako haikutokea, wakageuza. Wakaikuta mashine katikati ya njia, imezimwa vizuri, inatazama kule mlikotoka. Wewe hukuwepo. Nyayo zikaenda kidogo, theluji ikazifunika. Walitafuta, wakatafuta na mbwa, wakatafuta mpaka theluji ikayeyuka.

Halafu Kamau akaniambia jambo ambalo Neema hakutaka nilisikie. Kundi lililopishana na nyie siku ile lilisema kijana wa mwisho, wa mashine ya njano, hakufumba ngumi. Alinyanyua kidole kimoja.

Nikajua. Uliiona ile taa yangu, ukageuza kama sheria yenu inavyosema.

Ndiyo maana nilikataa ibada. Neema alilia, "Mama, mpaka lini?" Ningemjibu nini? Mwanangu amemfuata mtu aliyeachwa nyuma, hajamaliza kazi yake, mimi nimfungie mlango?

Wiki iliyopita Kamau akaja kutuchukua, mimi na Neema, twende Colorado. Neema alibaki kwenye nyumba ya kupumzikia, hawezi kuuona ule msitu. Mimi nikapanda nyuma ya Kamau, tukawa wa mwisho. Mlima uleule, mchana uleule wa kufifia. Likaja kundi, wazee watupu na mashine zao kuukuu. Kamau akafumba ngumi. Mimi, juu ya bega lake, nikanyanyua kidole kimoja. Sikugeuka kuangalia, niliogopa.

"Mathe," akasema tuliposimama, "unanifanya nionekane sijui kuhesabu."

Jioni tunakunywa chai, wale wazee wakaingia, wanakung'uta mabuti. Mmoja akamsogelea Kamau, akamuuliza kitu kwa Kiingereza. Neema akaweka kikombe chini.

"Anasemaje?" nikauliza.

Kamau alijibu taratibu, ananitazama. "Anauliza kama yule wetu wa nyuma amefika. Wa mashine ya njano. Anasema walipishana naye baada yetu." "Amempakia mtu, mathe. Mtu amemshika kiuno."

"Na mkono?" nikasema. "Muulize, mkono ulikuwaje?"

Yule mzee hakungoja kutafsiriwa, aliona ninavyoonyesha. Akanyanyua mkono wake wa kushoto, akafumba ngumi.

Neema alinishika. Mashine ya njano iko gereji kwake, funguo za gereji ziko kwenye mkoba wake. Tuliporudi alikwenda kuangalia. Turubai liko vilevile, na vumbi lake.

Ni nani uliyempata, baba, mimi sikuulizi. Alikaa kwenye baridi muda mrefu, mwache ashike vizuri. Ngumi yako nimeipokea. Jumamosi watu wote waje, tutakuombea, na huyo uliyempakia tutamwombea, ingawa jina lake hatulijui.

Hata hivyo, sheria ni sheria. Nitakapofika njia panda yangu sitaondoka mpaka niione taa yako.

Funga koti mpaka shingoni.

Ni mimi mama yako, niliyekaa nyuma yako