Waya Unaovutika

Temeke, 9 Machi 1994

Farhan mwanangu,

Sie wazima, ila nina ugomvi nawe tangu nisome barua yako ya kutoka Maskati. Kumbe ule waya ulionitengenezea wa mashine ya masikio, kutoka mfukoni hadi sikioni, unaovutika nikirukuu usikatike, umeufunika kwa kondomu! Tena unajisifu hakuna mpira mwembamba kama huo! Miezi minne nimesujudu nao safu ya mbele. Kinyaa gani hiki? Niliushika kwa koleo nikautupa jalalani.

Jana mama yako kaanguka uani, kaniita mpaka sauti ikamkauka, mie sisikii.

Nimeufukua, nikauosha mara saba, nimeuvaa. Tengeneza mwingine, hata wa mpira wa baiskeli. Huu bado unanichefua, ila namsikia mama yako akipumua usingizini.

Baba yako,
Awadh