Niliyefufua Mashine ya Kufulia

Mwenzangu, nimeumbuka! Nimejifungia chooni hapa nilipoitwa kwenye usaili, nakuandikia.

Unakumbuka nilipoandika kwenye CV "nilimwita fundi", dada akanicheka? "Kupiga simu nayo ni kazi? Weka maneno yenye misuli!" Basi nikaandika NILIFUFUA mashine ya kufulia mashuka ya hospitali nilikofanya kazi.

Nilifufua. Mimi, nisiyejua hata bisibisi inashikwaje!

Leo, kati ya wasaili, mzee mmoja mwenye tai akaniuliza kwa upole, "Binti, uliifufuaje?"

Nikaropoka eti niliifungua, nikabadilisha mkanda, ikawaka.

Akavua miwani. "Mkanda ule niliubadilisha mimi."

Ni yule fundi! Kumbe ndiye mkuu wa mafundi hapa. Siku ile alikuwa na ovaroli na grisi mpaka masikioni, ningemjuaje? Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema, "Wewe ulinipigia simu mara kumi na moja, ukanisubiri getini mpaka nikafika. Mtu wa kufuatilia mafundi namna hiyo ndiye tunayemtafuta. Mbona hukuandika hayo?"

Kisha akafunga faili langu, akaita mwingine.

Mara kumi na moja, mwenzangu. Nilikuwa nimeandika "nilimwita fundi", nikafuta kwa mkono wangu.