Kofia ya Rubani ya Baba

Butembo, 3 Machi 2025

Yaya Rébecca, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana. Mimi mzima; sijui ninyi huko Beni, na miguu ya Mama inaendeleaje? Usishtuke kuona mwandiko wangu. Siku ile ya risasi, miaka miwili iliyopita, nilikimbia peke yangu, nikamwacha Mama nyuma. Tangu hapo naona haya hata kupiga simu.

Sasa kuna Mzungu hapa anayekusanya vitu vya ndege za zamani. Anatafuta kofia kama ile aliyopewa Baba na rubani kwenye uwanja wa ndege, yenye kioo mbele, inayofungwa shingoni ili hewa isitoke kule juu sana. Mpe dereva ailete, yaya. Nataka kumwuzia, nirudi kwa Mama na kitu mkononi.

Mdogo wako,
Mathe

Beni, 9 Machi

Mathe mdogo wangu,

Salamu zimefika; kumbe uko hai. Sisi wazima, Mungu anatulinda. Mama miguu ni ileile.

Kofia haipo. Siku ile tuliokota koti lako njiani, na mimi ndiye niliyemwambia Mama umekufa. Tulikulilia bila maiti. Waombolezaji wakajaa, na chakula hakuna. Mama mwenyewe akaitoa kofia iuzwe, akasema: « Uzisha. Batu balale njaa ku matanga ya mutoto wangu? Hapana. »

Donc, yaani, kofia iliishia kwenye matanga yako mwenyewe. Nilikuzika haraka, na roho inanisuta. Mama bado hajui uko hai. Nimwambie nini?

Yaya yako,
Rébecca

Butembo, 14 Machi

Yaya,

Salamu kwenu wote. Usijilaumu, mwenye kosa ni mimi niliyenyamaza. Mwambie akiwa amekaa. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 22, mikono mitupu.

Mdogo wako,
Mathe

Beni, 17 Machi

Mdogo wangu,

Tuko salama. Nimemwambia. Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akauliza: « Butembo ni safari ya asubuyi moya tu. Myaka mbili yote, alikuwa anangoya nini? »

Amesema utamjibu wewe.

Yaya yako,
Rébecca

Beni, 24 Machi

Mathe,

Jumamosi Mama alivaa kitenge cha misa, akakaa barabarani mpaka gari la mwisho kutoka Butembo likapita. Usiku hakula.

Leo asubuhi ameniomba nimtafutie dereva wa kwenda Butembo. Nikamkumbusha miguu yake. Akasema miguu ni yake, na mtoto ni wake.

Tunapanda gari kesho. Nakuomba, usikimbie tena.

Yaya yako,
Rébecca